Jiwe la Kupokea

Ndoo sita zilikuwa zimepangwa ukutani nyuma ya nyumba, na Mama Pacha alikuwa amezisimamia mikono kiunoni kama askari anayetafuta mwizi kwenye foleni. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa tisa alasiri mkaguzi wa vipimo angefika stoo kwake kupima jiwe lake la mizani mbele ya watu, na jiwe lenyewe, kilo ishirini za chuma, lilikuwa juu ya benchi limevimba kwa rangi, kutu inachungulia kwenye nyufa. Likionekana na kasoro, stoo ingefungwa. Hilo angelivumilia, maana stoo hufungwa na kufunguliwa. Lakini jina la mwizi likishakukaa halitoki kwa sabuni yoyote.

"Nipe dakika kumi," mumewe alisema. "Kumi tu. Nalitoa jeupe kama jino."

"Kwa kutumia nini?"

"Chembe za chuma. Au huu mchanga mwekundu wa dukani. Rangi haitaaga hata ndugu."

"Na jiwe litabaki na kilo ngapi?"

Baba Pacha akajikuna shingo. Akaanza kukunja mpira wa upepo ambao ulikuwa umeshakunjwa.

Alikuwa fundi wa kuchomelea, na pale uani ndipo alipopigia mchanga mageti na rimu za watu kabla ya kuzipaka rangi upya. Mashine yake aliiunda mwenyewe: friji bovu lililolazwa chali, kioo cha dirisha juu, ubavuni matundu mawili yenye glavu ndefu za mpira, na ndani bomba dogo linalotema upepo wa kompresa. Unaweka kitu, unafunga, unaingiza mikono kwenye glavu, unapuliza. Kupuliza kila mtu anaweza. Kazi iko kwenye kuchagua unapuliza nini.

Ndoo ya kwanza, mchanga wa mto, ilikuwa imefungwa kifuniko kwa waya. Hakuigusa tena tangu fundi mwenzake wa mtaa wa pili aanze kukohoa mpaka kulala akalala amekaa. Ya pili ilikuwa na chupa zilizosagwa, ya tatu ule mchanga mwekundu, ya nne chembe za chuma, ya tano magadi. Ya sita ilikuwa na magunzi ya mahindi yaliyokaushwa na kusagwa, chenga chenga kama chakula cha vifaranga. Hiyo aliiweka kwa vitu laini visivyotaka kuchubuliwa, na mafundi wenzake walimcheka kwayo. Walimwita Mfuga Kuku.

Kisa chenyewe kilianza wiki iliyotangulia. Mama Pacha alikuwa mnunuzi wa maharage, kazi aliyorithi kwa baba yake pamoja na stoo, mizani na mawe. Wakulima walileta, yeye alipima, mchana kutwa. Siku hiyo shangazi yake, dada wa marehemu baba, tumbo moja, alishusha mfuko wake kwenye sahani, mizani ikasimama sawasawa, kilo ishirini. Mama kizee akasema, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Si kweli. Mfuko huu nimepita nao kliniki, nikaomba waning'inizie kwenye mizani ya watoto. Kilo ishirini na karibu nusu. Hiyo nusu inakwenda wapi, binti wa kaka?"

Mama Pacha alicheka kwanza, akidhani ni utani, maana shangazi kwa utani hakuwa na mpinzani. Hakuwa akitania.

"Kaka yangu alinipimia kwa jiwe hilohilo miaka thelathini," akaendelea, "hakunipunja hata punje. Kafa, umeshika wewe, jiwe limeanza kula. Umelifanya nini jiwe la kaka yangu?"

Basi! Yaliyofuata ni yale yanayofuata siku zote. Siku ya pili watu kumi walikuwa wamekwenda kliniki na mifuko yao, mpaka nesi akawafukuza. Siku ya tatu foleni ilikuwa ya watu wanne. Siku ya nne Mama Pacha mwenyewe, kwa miguu yake, alikwenda ofisi ya vipimo kumwita mkaguzi. Tawi la ofisi hiyo lilikuwa limefungwa miaka mingi, ndiyo kwanza lilikuwa limefunguliwa tena.

Mkaguzi alikuja, akalitazama jiwe, wala hakuligusa.

"Silipimi katika hali hii. Rangi inabanduka, kutu imejaa. Lisafishe hadi chuma kionekane. Ijumaa saa tisa nakuja." Kisha akainua kidole. "Na sikiliza, mama. Chini ya jiwe kuna tundu lililozibwa kwa madini ya risasi, na juu ya risasi kuna muhuri. Nikikuta umelisaga chuma, au muhuri umefutika, jiwe nalibeba na mlango naufunga. Nisije nikalaumiwa."

Ndiyo maana lisingeweza kuchomwa moto, risasi ingeyeyuka. Ndiyo maana lisingeweza kupigwa msasa wa mashine. Na ndiyo maana Mama Pacha alikuwa amezisimamia ndoo.

"Tujaribu kwanza," alisema. "Sitaki maneno. Tupime."

Akaleta mizani yake ndogo ya betri. Mumewe akaokota bolti kuukuu tatu, kubwa, zenye rangi, akazidondoshea kila moja tone la risasi kutoka kwenye betri la gari lililokufa. Wakazipima moja moja, akaandika kwa chaki ukutani.

Ya kwanza ikapigwa mchanga mwekundu. Ilitoka inang'aa, maridadi kabisa. Lakini ilikuwa imepungua, na lile tone la risasi lilikuwa limelika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Ya pili ikapigwa chupa zilizosagwa. Nafuu, lakini ukucha wa Mama Pacha ulipopita juu ya risasi, ile alama aliyoikwaruza kwa msumari haikuwepo.

"Alama imekwenda," alisema.

"Risasi ni laini, mke wangu. Hata ukiikodolea macho inalika."

"Ya tatu piga magunzi."

"Mama Pacha, tutakesha! Magunzi kwa rangi ile? Ile si rangi, ile ni ngozi ya kiboko."

"Piga."

Akapiga. Ilichukua muda mpaka jasho lilimtiririka hadi kwenye kidevu, na rangi haikutoka kama vumbi, ilibanduka vipande vipande. Bolti ilitoka nyeusi, haina mng'aro wowote. Wakaipima. Walipoikusanya ile rangi iliyobanduka wakairudisha kwenye mizani pamoja nayo, namba ikawa ileile ya chaki. Alama ya msumari ilikuwa pale pale kwenye risasi. Chuma hakikupoteza kitu.

"Umeona?" alisema Mama Pacha, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. "Jiwe la baba litasimama mbele ya watu kama alivyoliacha. Shangazi atanikoma."

Saa tatu na nusu wakaliingiza jiwe ndani ya friji.

Nakwambia, asiyejua kazi ya magunzi asiiombe. Saa nzima ya kwanza ilikwenda kwenye kona moja ya jiwe. Saa nne na nusu bomba likaziba: magunzi yalikuwa yamenyonya unyevu. Mama Pacha akayamwaga kwenye shuka juani, yakagoma kukauka haraka, akayabeba jikoni akayakaanga kwenye sufuria kubwa bila mafuta, akikoroga na kutazama saa ya ukutani. Moshi ukajaa nyumba nzima. Saa tano na robo yakarudi kwenye mashine yakiwa ya moto, na mumewe akapuliza akilaani na kusifu kwa pumzi moja. Mikono ilipomlegea, Mama Pacha akaingiza yake kwenye glavu. Kioo kilikuwa kimejaa vumbi, ilibidi akiegemee kwa paji la uso.

Hapo ndipo alipoanza kuona rangi.

Juu kabisa kulikuwa na kijani. Kijani alikijua, kilikuwa chake. Kila mwaka, wiki ya kufungua msimu, alilipaka jiwe mkono mmoja, kwa sababu baba yake alifanya hivyo kila mwaka, na alipokuwa kitandani hawezi tena kusimama alimwachia maagizo: jiwe la kupokea lipakwe kila msimu, rangi nzito, usitie tina hata tone, na usisahau chini, na usisahau ndani ya kishikio. Tundu la muhuri tu uliruke. Alikuwa ameyashika maagizo hayo miaka kumi na moja kama mtu anavyoshika nadhiri. Mwaka mmoja alikuwa na homa, na bado aliamka akalipaka. Aliona kuwa akiacha, ndipo baba yake atakapokuwa amekufa kweli.

Chini ya kijani ikaja rangi ya udongo. Hiyo ilikuwa ya baba, mwaka wa ugonjwa. Mlango wa stoo ulipakwa rangi hiyohiyo. Chini yake kijivu, kijivu tena, nyekundu ya mwaka aliozaa mapacha, nyeupe ya harusi yake. Mama Pacha akawa anapuliza na kulia, glavu zimembana hata machozi hawezi kufuta. Hayakuwa machozi ya uchungu. Alihisi kama baba yake yumo ndani ya friji lile anafunua mwaka mmoja mmoja, anamwonyesha.

Saa saba na nusu jiwe lilitoka. Jeusi, limetulia, ile ishirini imechomoza usoni kwa tarakimu nene, na chini, kwenye risasi, muhuri mzima kabisa, hata kitaji chake kidogo kinaonekana.

"Ewaa!" Baba Pacha akapiga makofi. "Nani Mfuga Kuku sasa? Subiri hapo." Akakimbia stoo, akarudi amelikumbatia jiwe la pili tumboni, anahema.

Maana mawe yalikuwa mawili. Moja lilikaa nyuma kwenye mizani ya kununulia, ndilo la kupokea. La pili lilikaa mbele, kwenye mizani ya kuuzia wateja, ndilo la kutoa. Hilo halikuwahi kupakwa rangi. Baba yake alikataza. Na alikataza pia mawe hayo yasikutane. "Hawa ni wake wenza," alikuwa akisema, na kila mtu anacheka. "Ukiwaweka chumba kimoja watavunja vyombo." Mama Pacha alikuzwa na utani huo. Hakuwahi hata siku moja kuyaona mawe yale mawili mahali pamoja.

Baba Pacha, ambaye hakuwa na habari ya wake wenza wa mtu, aliyatundika kwenye mizani ya uani aliyoitumia kupimia vyuma, moja huku, moja kule. Mti wa mizani ukayumba, ukayumba, ukatulia. Sawasawa kama maji kwenye beseni.

"Umepona!" alisema. "Mke wangu, umepona! Jiwe halina kosa. Shangazi yako na mizani yake ya vichanga aende zake!"

Mama Pacha alipiga kigelegele, kweli alipiga, jirani akachungulia juu ya ukuta. Kisha akageuka kuchukua chekeche ili amwage takataka.

Kwenye chekeche, baada ya magunzi kupita, vilibaki vipande vya rangi. Rundo zima. Vinene kama maganda ya mti, vingine ukubwa wa kiganja. Akavikusanya kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo likajaa, akalinyanyua, na mkono wake ukashituka.

Kopo lilikuwa zito.

Alisimama nalo. Mumewe alikuwa bado anaimba. Akatembea hadi kwenye mizani, taratibu, kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyemjua, akaliweka kopo juu ya sahani, kando ya jiwe la kupokea.

Sahani ikaporomoka. Minyororo ikalia, jiwe la kutoa likapaa juu.

Baba Pacha akaacha kuimba.

Wakapima vile vipande kwenye mizani ndogo, bila kopo. Gramu mia nne na thelathini, na hapo vumbi halimo. *Kilo ishirini na karibu nusu.* Maneno ya shangazi yalimrudia kama yanasemwa sikioni. Kila aliyemwekea mfuko alikuwa ameongeza konzi mbili tatu za maharage ili mizani isimame, na konzi hizo zilikuwa zimebebwa na rangi. Miaka kumi na moja. Kwa mkono wake. Kwa homa aliamka!

"Hukujua," mumewe alisema haraka. "Mimi shahidi. Hukujua."

"Mimi sikujua," alisema. Akaketi kwenye ndoo ya mchanga wa mto. "Yeye alijua."

"Nani?"

"Rangi nzito, usitie tina. Usisahau chini. La kutoa usilipake. Yasikutane." Alikuwa akihesabu kwa vidole. "Baba Pacha, mtu anayependa tu rangi angeyapaka yote mawili."

Kompresa ilikuwa ikipumua mabaki ya upepo wake. Mama Pacha alimwona baba yake kama alivyokuwa, amechuchumaa na brashi mdomoni, anampa yeye kopo amshikie, anamwambia *taratibu mwanangu, mkono mzito, hivyo hivyo*. Alimpenda sana saa ile alipokuwa akifundishwa. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote, kwamba hakuweza kulirudisha lile penzi nyuma.

"Nisikilize," Baba Pacha alisema, naye alikuwa amechuchumaa mbele yake. "Jiwe sasa ni safi. Mkaguzi atapima, atapata ishirini kamili. Kuanzia leo hakuna anayepunjwa. Vipande hivi nachimba shimo, navifukia, yamekwisha. Nani kaumia?"

"Wameshaumia."

"Nani atamrudishia nani? Watoto wetu wako shule, wanaandikishwa kwa jina la babu yao. Marehemu kalala. Unataka kumfukua?"

Saa ya jikoni ilikuwa inakwenda saa nane. Mumewe akalichukua kopo, akatafuta jembe, na yeye akamtazama akilitafuta. Kisha, jembe lilipopatikana, akainuka akalichukua kopo mikononi mwake.

"Sijaamua kumwaga mtama," alisema. "Lakini hulifukii. Niachie."

Saa tisa kamili mkaguzi alifungua sanduku lake la mbao. Mawe yake ya shaba yalikuwa yamelala kwenye kitambaa kama mayai. Stoo ilikuwa imefurika. Wakulima wote walikuja, na waliokuwa hawana hata punje ya kuuza walikuja pia, watu wanapenda mambo. Shangazi alisimama mbele kabisa, mgongo umenyooka, mfuko wake uleule wa maharage miguuni. Hakumsalimia mtu. Mama Pacha alisimama nyuma ya kaunta, na kopo la maziwa lilikuwa chini, kati ya miguu yake.

Mkaguzi akaligeuza jiwe, akautazama muhuri kwa kioo cha kukuza. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaliweka kwenye sahani, upande wa pili mawe yake ya shaba. Mti wa mizani ukayumba, ukatulia.

"Kilo ishirini kamili," alisema. "Kazi safi sana. Nani kakusafishia?"

Stoo ikalipuka. Mtu akamshika Baba Pacha bega, mwingine akasema alijua tangu mwanzo, yeye alijua, alisema, ulizeni mke wangu. Na wale walioongoza kwenda kliniki ndio waliokuwa wa kwanza kumgeukia shangazi.

"Bibi, umetuaibisha!"

"Mizani ya watoto! Lo! Kesho atapima kwa mizani ya dawa!"

"Uzee huo, mwacheni."

"Kumchafua binti wa kaka yako mwenyewe, huoni haya?"

Mama kizee alisimama pale. Akautazama mfuko wake, akayatazama mawe ya shaba, akapiga hatua mbili hadi kaunta, na ule mgongo ulionyooka ukainama.

"Nisamehe, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Labda macho. Labda nilisoma vibaya. Nimekutia aibu bure. Nisamehe, na umwombee kaka yangu anisamehe, nimelitukana jiwe lake."

Hapo Mama Pacha aliinama. Mumewe alimwona, akatoa macho, akatikisa kichwa: hapana, hapana. Yeye akainuka na kopo, akalimimina lote juu ya karatasi pale kaunta, akakusanya kingo za karatasi, akaiweka kwenye sahani kando ya jiwe jeusi. Sahani ikaporomoka.

Kelele zikakatika kama redio iliyochomolewa.

"Shangazi, ulisoma sawasawa," alisema. "Hii ndiyo rangi iliyokuwa juu ya jiwe. Asubuhi hii ilikuwa bado juu yake. Kila mfuko mliouleta nimechukua zaidi, hivi mnavyoona."

Mkaguzi akavua miwani. Nyuma mtu akasema "Ebo!" na mwingine akamnyamazisha.

"Tangu lini?" aliuliza shangazi.

Lilikuwa swali dogo tu. Mama Pacha alikuwa amejiandaa kusema yote, alikuwa ameyapanga kichwani tangu saa nane, na alipomtazama yule mama, uso uleule wa baba, pua ileile, akayaona macho yake. Yalikuwa yanamwomba. Hayakuomba ukweli. Mama kizee alikuwa ameshaupata ukweli wake wa nusu kilo. Sasa alitaka tu aachiwe kaka.

"Miaka kumi na moja," alisema Mama Pacha. "Ni mimi, shangazi. Tangu niliposhika mimi. Mkono wangu."

Baba Pacha akafumba macho.

Shangazi alinyoosha mkono kwenye sahani, akachukua kipande kimoja kinene. Akakileta karibu na uso. Akakigeuza upande, pale kilipovunjika, akakitazama ubavu wake muda mrefu, kijani, udongo, kijivu, nyekundu, nyeupe, tabaka juu ya tabaka, kidole gumba kikishuka polepole hadi chini kabisa. Kisha akakigeuza chali, upande ulioshikana na chuma.

Kilikuwa bluu. Bluu ya kung'aa, kama ya jana.

"Hii bluu naijua," alisema.

Mama Pacha alifungua mdomo.

"Nyamaza, mwanangu. Umeshasema, nimesikia." Hakuinua macho. "Ni ya madirisha yangu. Mwaka niliojenga, wewe hata kutambaa hujaanza. Kaka yangu alikuja akaniomba rangi iliyobaki, kidogo tu, alisema, ya kupaka jiwe lisishike kutu." Akakirudisha kipande kwenye sahani, taratibu, kana kwamba kinaweza kuvunjika. "Nikampa kopo zima."

Yule aliyejua tangu mwanzo akainamia viatu vyake.

Mama kizee akapangusa vidole kwenye nguo yake. Akaikusanya ile karatasi na rangi yake yote, akaishusha kutoka kwenye sahani, akaikunja, akaitia kifuani. Kisha akauburuta mfuko wake wa maharage hadi kwenye mizani.

"Haya," alisema. "Pima."

Mama Pacha alishika mnyororo, lakini macho yalikuwa yamejaa, hakuona mti wa mizani wala sahani. Ikabidi shangazi amsomee mwenyewe.

"Haijasimama," alisema. "Mfuko umezidi. Punguza."

Mama Pacha akaingiza mkono kwenye mfuko, akachota konzi ya kwanza, akamrudishia mkononi.